KUFUNDISHA HATI MKATO KWA WANAFUNZI WA BIASHARA

Hotuba iliyosomwa mbele ya watumishi na walimu wa wilaya za Kasulu na Kibondo



Nimepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya hati mkato, yaani ule mwandiko wa alama ambao kwa huo mwandishi aweza kuyashika maneno ya msemaji kadiri yanavyotoka kinywani mwake. Baadhi yenu mmeniuliza kabla ya mkutano huu kama shauri hili lingali na maana siku hizi, maana kila mtu ana simu yenye kunasa sauti. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu mahali pake. Lakini kwanza nataka kuwawekea mbele neno moja ambalo ndilo shina la hotuba yangu yote: hati mkato hupimwa kwa kusomwa. Mwanafunzi anayeandika maneno 100 kwa dakika, kisha asubuhi yake asiweze kuyasoma, hakuandika neno hata moja. Naye mwanafunzi wa kwetu hataweza kusoma vema alichoandika mpaka tumfundishe kwa sikio lake mwenyewe na kwa Kiswahili kwanza.

Labda yafaa nieleze kwa kifupi asili ya ustadi huu. Ni wa kale. Katika Roma ya zamani Tiro, aliyekuwa mtumwa wa Cicero kisha akapewa uhuru, alisifiwa kwa alama zake za kuandikia hotuba upesi. Hati tunayoifundisha hapa Afrika Mashariki yatokana na Isaac Pitman, mwalimu wa shule huko Uingereza, aliyetoa kitabu chake mwaka 1837. Pitman aliacha tahajia ya maneno akaandika sauti zake. Kila konsonanti aliipa mstari mmoja mwepesi, ulionyoka au uliopinda. Sauti mbili zilizo ndugu alizipa mstari mmoja, moja mwembamba na ya pili mnene. Hivyo p ni mstari mwembamba ulioinama, na b ni huo huo ulionenepeshwa. T na d husimama wima. Ch na j huinamia upande wa pili. K na g hulala. Irabu ni nukta na vistari vidogo vinavyowekwa kando ya mstari.

Mtu akiangalia mpango huo ataona mara moja kwamba Kiswahili chaufaa. Lugha yetu huandikwa jinsi inavyosemwa, tena ina irabu tano tu. Hata ng' ya neno "ng'ombe", ambayo huwasumbua wageni, ina alama yake tayari katika hati ya Pitman, na mb ya neno "mbegu" huandikwa kwa kuinenepesha alama ya m. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba hati mkato ni kitu cha Kiingereza ambacho Kiswahili kimekiazima kwa shida.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili latuhusu sisi wa nyanda za juu za Kigoma. Mwaka 1967 Bwana Rashidi Kawawa, aliyekuwa Makamu wa Pili wa Rais, alitoa agizo kwamba Kiswahili kitumike katika kazi za Serikali. Tangu hapo karani wa kuandika maneno ya mikutano hakuweza tena kutegemea Kiingereza peke yake. Chuo cha Uhazili cha Tabora kikajulikana nchini kote kwa kuwafundisha waandishi wa namna hiyo, nacho sasa ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma. Matangazo ya kazi ya halmashauri zetu kwa nafasi ya Katibu Muhtasi, ambayo siku hizi huitwa Mwandishi Mwendesha Ofisi, yametaka mwombaji awe amefaulu hati mkato ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa maneno 80 kwa dakika, na mengine kwa maneno 100. Nawaomba mlisikie vizuri sharti hilo. Lataka lugha mbili. Binti wa Kakonko au kijana wa Makere aweza kuwa hodari wa kompyuta na mwenye adabu ya ofisi, lakini akishindwa hati mkato mlango hufungwa mbele yake, na nafasi iliyo katika wilaya yake mwenyewe huchukuliwa na mtu wa mbali.

Basi kwa nini wengi hushindwa? Nimetazama kazi za wanafunzi kwa miaka mingi, nami naona sababu nne.

Sababu ya kwanza ni kwamba huanzishwa kwa Kiingereza. Vitabu vilivyo vingi ni vya Kiingereza, na mwalimu hufuata kitabu alicho nacho. Mwanafunzi hukariri kanuni zilizotungwa kwa maneno ya Kiingereza, ambayo mengi huishia kwa konsonanti. Mathalani, katika hati ya Pitman mstari hukatwa nusu ili kuonyesha t au d iliyo mwisho wa neno. Ni kanuni nzuri kwa Waingereza. Lakini neno la Kiswahili, isipokuwa machache ya kuazima, huishia kwa irabu, na irabu hiyo ndiyo yenye maana. Mwanafunzi akiihamisha kanuni hiyo bila kufikiri, aikata mikia ya maneno yetu.

Tazameni maneno haya: mtu, mti, mto. Yote matatu yana mifupa ile ile, m na t. Kinachoyatenga ni alama ndogo ya mwisho, kwa mti nukta, kwa mto kistari. Au chukueni kata, kete, keti, kiti, kito, kitu, kuta: maneno saba, na mifupa yake ni k na t. Mwandishi mzoefu wa Kiingereza huacha irabu nyingi, akitegemea mahali pa mstari na mwendo wa sentensi kumkumbusha neno. Katika Kiswahili uhuru huo una mipaka.

Nanyi mwajua kwamba mambo haya si ya darasani tu. Mzee asimama mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7 ambao 3 kati yao ni wanawake kama sheria inavyotaka, naye asema, "Mpaka wa baba yangu wafika penye mto." Karani aandika m na t, hatii alama ya irabu, kwa kuwa msemaji aenda mbio. Juma la pili anaponakili, mto umekuwa mti. Shauri lifikapo mbele, mzee hayupo au amesahau maneno yake, na karatasi ndiyo inayosema. Mti hukatwa, tena miti ni mingi, mto haukatwi. Familia yaweza kupoteza shamba lake la maharage kwa kistari kimoja kisichotiwa.

Sababu ya pili ni viambishi vyetu. Mwingereza akikana hutumia neno zima, nalo husikika. Sisi hukana kwa sauti ndogo iliyo kichwani mwa neno: "alikuja" na "hakuja", "nilimpa" na "sikumpa", "wanataka" na "hawataki". H ni sauti nyepesi, na mwandishi mwenye haraka huiruka. Akiiruka, shahidi aliyekana aonekana amekiri. Kadhalika nyakati hukaa katikati ya neno: "aliuza", "ameuza", "atauza", "angeuza". Silabi moja yatosha kumgeuza mtu aliyefikiri kuuza ng'ombe awe mtu aliyekwisha kumwuza.

Hapa pia ndipo penye hesabu ya kasi. Neno letu moja hubeba mzigo wa maneno mengi. Tukisema "hatutawasahau" tumesema neno moja lenye silabi saba, ambalo Mwingereza angelisema kwa maneno matano. Kwa hiyo maneno 100 ya Kiswahili kwa dakika ni kazi kubwa kuliko maneno 100 ya Kiingereza, ijapokuwa katika cheti idadi ni ile ile. Mwalimu asishangae mwanafunzi wake akifaulu upande mmoja na kuanguka upande wa pili, wala asimwite mvivu.

Sababu ya tatu ni sikio. Hati hii huandika sauti, na asiyesikia tofauti ya sauti hawezi kuiandika. Wapo kati yetu ambao lugha ya nyumbani imewazoesha kuchanganya l na r. Katika mwandiko wa kawaida kosa hilo laweza kufichwa na mazoea ya kuona neno vitabuni, lakini katika hati mkato alama ya l na alama ya r hazifanani hata kidogo. Anayeandika "kula" badala ya "kura" ameharibu muhtasari wa uchaguzi, na anayeandika "mahali" badala ya "mahari" amepotosha shauri la ndoa. Vivyo hivyo kwa dh na z, na th na s: "dhamana" si "zamana". Simlaumu mwanafunzi kwa lugha ya mama yake. Nasema tu kwamba mwalimu wa Kasulu au Kibondo lazima aanze pale mwanafunzi wake alipo, na kitabu kilichopigwa chapa London hakikujua alipo.

Tena lugha hiyo ya nyumbani ni mali kwa mwandishi wa hati mkato. Mzee wa Buha anaposimulia habari za ardhi za zamani hutaja mwami na mteko, hutaja vilima na vijito kwa majina yake, na mara nyingine huingiza sentensi nzima ya Kiha. Karani asiyejua Kiha hukwama hapo. Kijana wa kwetu aweza kuyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, kwa kuwa alama zake ni za sauti, kisha akaweka ishara pembeni kwamba yatafsiriwe kwa uangalifu. Asiyatafsiri kimya kimya kichwani mwake wakati mkutano unaendelea, maana hapo tafsiri yake huchukua mahali pa maneno ya mzee na hakuna atakayejua.

Sababu ya nne yaonekana ndogo, nayo ni kalamu. Nimesema kwamba p na b, t na d, k na g hutengwa kwa wembamba na unene wa mstari. Kalamu ya wino ya bei rahisi inayouzwa kila duka haitoi tofauti hiyo. Hata ukikandamiza, mstari hubaki mmoja. Mwanafunzi aandika "pata", asubuhi asoma "bata". Ipo hati nyingine, ya John Robert Gregg, iliyotolewa mwaka 1888, ambayo haitumii unene wa mstari, nayo ilienea sana Marekani. Lakini madhali sisi tumerithi ya Pitman, na walimu wetu wameizoea, hapana budi tutumie chombo kinachoifaa: penseli laini, zikiwa mbili au tatu zilizochongwa kabla ya kazi, na daftari lenye mistari. Gharama yake ni ndogo kuliko mtihani mmoja ulioanguka.

Hizo ndizo sababu. Sasa niseme njia ninayoiona kuwa njema.

Majuma mawili ya mwanzo yawe ya sikio. Mwalimu atamke, wanafunzi waandike alama moja moja: la, ra, dha, za, pa, ba. Asipeleke mbele darasa mpaka sauti hizo zimetulia. Baada ya hapo aingie katika maneno ya Kiswahili, na afundishe viambishi kama jamaa: alama za ni, u, a, tu, m, wa, na kukana kwake, mpaka mkono uziandike bila kuulizwa. Misemo inayorudi kila siku, kama "Bwana Mwenyekiti", "kwa sababu", "kwa mujibu wa", "halmashauri ya wilaya", iunganishwe iandikwe bila kuinua penseli. Kiingereza kifuate baadaye, mwanafunzi akiwa amekwisha kuuamini mkono wake.

Imla iwe kila siku, hata kama ni ya dakika 20 tu. Dakika 20 za kila siku zashinda saa mbili za siku moja kwa juma, maana mkono husahau upesi. Mwalimu achukue habari yenye maneno 100, atie alama kila baada ya maneno 10, kisha asome akiwa na saa mbele yake. Kwa kasi ya maneno 40 kila fungu la maneno 10 litachukua sekunde 15; kwa maneno 60, sekunde 10; kwa maneno 80, sekunde saba na nusu; kwa maneno 100, sekunde 6. Asipandishe kasi kabla darasa halijasoma tena bila kukwama. Na habari yenyewe itokane na maisha ya hapa: bei ya maharage, mizinga ya nyuki, ujenzi wa zahanati, mjadala wa barabara ya kijiji. Mwanafunzi aliyezoeshwa barua za wafanyabiashara wa Ulaya atashangaa siku ya kwanza atakapoketi katika kikao cha Kamati ya Fedha.

Lakini jambo lililo kubwa kuliko yote ni kusoma tena. Kila asubuhi somo lianze kwa kusoma imla ya jana. Baada ya mwezi, kila mwanafunzi asome imla ya juma lililopita. Kisha wabadilishane madaftari, mmoja asome mwandiko wa mwenzake. Hapo ndipo nukta zilizoachwa na h zilizorukwa zitakapoonekana, tena bila mwalimu kukemea. Mwanafunzi akifika neno asilolisoma, asiruhusiwe kubahatisha. Aseme, "Hapa sisomi." Nayahesabu maneno hayo mawili kuwa msingi wa uaminifu katika kazi yetu. Karani anayejaza pengo kwa neno lililo karibu huenda akasifiwa kwa muhtasari mzuri, lakini ametia kinywani mwa mtu maneno asiyoyasema.

Sasa nalirudia swali la mashine. Sitaitetea hati mkato kwa kusema hatuna umeme, maana tangu mwaka 2022 Kasulu na Kibondo zimeunganishwa na gridi ya Taifa, na udhuru wa jenereta umekwisha. Wala sitasema kwamba simu haifai. Katika mjadala mrefu ambapo kila neno latakiwa, simu hushinda mkono, na mwandishi mwenye busara ataitumia akiwa na ruhusa ya wenye mkutano. Lakini sauti ya saa tatu hutaka saa tatu kuisikiliza, nayo daftari hufunguliwa ukurasa unaotakiwa mara moja. Watu wanne wakisema pamoja, simu huwachanganya, bali mwandishi aliyewaona aweza kuwatenga. Tena kuna mambo ambayo mtu hatayasema mbele ya simu: mama anayeeleza mateso ya nyumbani kwake, mtumishi anayejibu mashtaka ya nidhamu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yatukumbusha kwamba habari za mtu si mali ya kila mwenye kifaa. Hayo yalihusu daftari pia. Lifungiwe kabatini kama faili lolote la siri.

Nami naongeza hili. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Maana yake ni kwamba maneno ya mwananchi yataandikwa katika lugha aliyoisema, toka barazani hata mahakamani. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini maneno hayo yatafika salama tu kama yupo mtu aliyefundishwa kusikiliza, na sijaona shule ya kusikiliza iliyo bora kuliko hati mkato. Hata mtu ambaye baadaye atatumia mashine maisha yake yote, akiwa amepita katika shule hiyo atajua pale mashine iliposikia vibaya.

Wanachama wenzangu, mwaka 1922 makarani Waafrika wa Tanga, wakiongozwa na Martin Kayamba, walianzisha chama cha watumishi, kilicho cha kwanza cha namna yake katika Tanganyika. Walikuwa watu wenye kuona fahari juu ya kazi ya kalamu, nao walitaka kazi hiyo iheshimiwe. Sisi tuliofuata nyuma yao tuna wajibu wa kuwapa vijana kalamu iliyo imara.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila mwenye mihtasari ya zamani isiyo ya siri awape walimu nakala, ili wapate imla za Kiswahili cha kweli cha ofisi na baraza. Pili, ninyi wakuu wa ofisi mkimpokea mwanafunzi wa mazoezi, msimwache akae kupokea simu na kuchemsha chai; mpelekeni kikaoni akaandike, kisha mwambieni awasomee. Tatu, ninyi walimu, mwulizeni kila mwanafunzi mwandiko wake unasemaje kabla ya kumwuliza aliandika maneno mangapi kwa dakika.

Tukifanya hayo, vijana wetu watazipata kazi ambazo sasa huwapita mlangoni, na mzee wa kijijini aliyesema "mto" atakuta mto wake karatasini.